Tumepigwa bao kwa bao letu wenyewe

Leo si mambo ya muziki, wala si mpira. Leo ni historia, lakini usinipite bado. Hii historia inaanza na laptopu mzee niliyonunua Luthuli Avenue, inapitia Seoul, Stanford na Dar es Salaam, na inaishia chini ya ngazi za ploti yetu hapa Mowlem, mahali Mzee wetu wa geti huweka ubao wake wa bao.

Laptopu ilikuwa ile ya "imetoka Uingereza," ramu giga nne, betri ya kudanganya. Windows ilikuwa inawaka polepole mpaka unaweza kuenda kununua mandazi, urudi, upate bado inazungusha kile kiduara. Mse mmoja wa mtaa akaniambia niweke Linux Mint. Nikaweka. Mashine ikafufuka. Na kwa vile nilikuwa nimemaliza kutazama Hikaru no Go, ile anime ya kijana anayefuatwa na mzimu wa mchezaji wa kale, nikaamua lazima nijue kucheza Go.

Kama huijui, Go ni ule mchezo wa mawe meusi na meupe. Wachina wanauita weiqi, Wakorea baduk. Una zaidi ya miaka 2,500. Ubao mkubwa una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361, na kila mtu anaweka jiwe moja kwa zamu akijaribu kuzunguka eneo kubwa kuliko mwenzake. Sheria unaweza kufunzwa ukisubiri matatu ijae. Kuzielewa vizuri, hiyo ni kazi ya maisha.

Sasa, kutafuta programu ya Go ya Linux ndiko kulikonifungua macho. Nilikuwa nafikiri nitapata kitu kimoja, nibofye, nicheze. Wapi! Nilipata kwamba kwenye Go unachagua vitu viwili: uso na ubongo.

Uso na ubongo

Uso ni ile programu unayoiona: ubao, mawe, sauti ya "tok" ukiweka jiwe. Kuna Sabaki, ambayo ni maridadi lakini inakula ramu. Kuna GoGui, imeandikwa kwa Java, haina urembo lakini inafanya kazi. Kuna Kigo ya wale watu wa KDE, rahisi kabisa kwa anayeanza.

Ubongo ni injini, ile inayofikiria hatua. Haina picha, haina rangi. GNU Go ndiyo ya zamani, ilianza mwaka 1989, na inakimbia hata kwenye mashine ya kusikitisha kama yangu. Halafu kuna KataGo, ambayo David Wu aliitoa mwaka 2019. Hiyo ni mnyama. Inamshinda binadamu yeyote anayecheza kawaida, lakini ukitaka uitumie kwa raha inataka kadi nzuri ya grafiki. Kuna toleo la kutumia prosesa peke yake, na nililijaribu. Feni ya laptopu ililia kama ndege inashuka JKIA.

Kwa hivyo kama una laptopu ya kawaida ya mtaa, ushauri wangu ni huu. Anza na GNU Go. Fungua terminali, andika `sudo apt install gnugo`, halafu andika `gnugo`. Ubao utatokea hapo hapo kwa herufi tupu, hauhitaji hata uso. Ukianza kuishinda, na itachukua muda usijidanganye, tafuta KataGo na uipe muda mfupi wa kufikiria kila hatua.

Lakini kitu kilichonishangaza ni vile uso wowote unaweza kuongea na ubongo wowote. Hiyo haikuja yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa GNU Go walitengeneza lugha ndogo ya maandishi inayoitwa GTP. Uso unaandika `play black D4`, ubongo unasikia. Uso unaandika `genmove white`, ubongo unajibu na hatua yake. Basi. Ni kama matatu na abiria: ukijua kusema "shukisha," utashuka kwa matatu yoyote, hata kama dereva humjui.

Kwa sababu ya hiyo lugha ndogo, mtu wa Kanada anatengeneza uso, mtu wa Ubelgiji anatengeneza ubongo, na mimi wa Mowlem naviunganisha usiku mmoja bila kumlipa mtu. Shika hiyo. Tutairudia.

Mzee akaniuliza swali

Jioni moja stima ilikuwa imepotea, nikashuka na laptopu chini ya ngazi kwa sababu betri ilikuwa imekubali siku hiyo. Mzee alikuwa hapo na ubao wake. Yeye ni mtu wa Lamu, amekaa Nairobi miaka mingi, na Kiswahili chake kikikugonga unaanza kuona haya na hiki chetu. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitika, "Marahaba mwanangu," halafu akainama akatazama skrini.

"Huo mchezo wa nani?"

"Wa Wachina, baba. Unaitwa Go."

"Na wewe wacheza na nani hapo? Sioni mtu."

"Na kompyuta."

Akanyamaza kidogo. Akasukuma ubao wake mbele na mguu. "Na huu wetu, kompyuta yaujua?"

Nikacheka. Nikamwambia bila shaka, kila kitu kiko. Nikatoa simu, nikawasha bando, nikatafuta "mancala." Zikatokea nyingi ile mbaya. Nikashusha moja, nikampa. Mzee akaangalia mashimo sita huku, mashimo sita kule, na bakuli kubwa kila upande. Akacheza dakika mbili. Akanirudishia simu.

"Hili si bao," akasema. "Huku ni kuhesabu maharagwe."

Manze, nilikasirika kidogo, nikidhani ni wivu wa wazee. Ndiyo maana nilienda kusoma historia. Na ukweli usemwe, Mzee alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Bao lilivaa suti Marekani

Kile nilichomwonyesha Mzee kinaitwa Kalah. Si mchezo wa kale. Ulibuniwa mwaka 1940 na Mmarekani anayeitwa William Julius Champion, na mwaka 1958 akafungua kampuni ya kuuuza. Alichukua wazo la familia ya michezo ya Afrika na Asia, ile ya mashimo na kete, akaipunguza ikawa nyepesi ya watoto: safu mbili, mashimo sita kila upande, na ghala la kuwekea ulizokula.

Sasa sikia utamu. Kompyuta zilipoanza kufundishwa michezo, Kalah ilikuwa kati ya ile ya mapema. Mwaka 1964, Richard Russell wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika programu ya kuicheza. Mwaka 1968, Uingereza, mtu anayeitwa Bell aliandika kuhusu Kalah kwenye kompyuta kubwa iliyoitwa Atlas. Mwaka huo huo wa 1968 ndipo Albert Zobrist, huko Marekani, alikuwa na programu ya Go iliyoweza kumshinda binadamu, tena binadamu anayeanza kujifunza.

Umeona? Mwaka 1968 hawa ndugu wawili walikuwa wamesimama kwa mstari mmoja. Mchezo wa familia yetu haukuchelewa kuingia kwenye kompyuta. Ila haukuingia kama bao. Uliingia ukiwa umevaa suti ya Champion, na jina lake jipya.

Kuanzia hapo njia zikaachana. Kalah ilikuwa nyepesi sana mpaka ikaisha. Mwaka 2000, Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walionyesha kwamba kwenye Kalah ya kawaida ya mashimo sita na kete nne kwa kila shimo, anayeanza anashinda kama hakosei. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walimaliza awari, binamu wa Afrika Magharibi. Walikagua mikao bilioni 889 na wakapata kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Kesi ikafungwa.

Kwa hivyo ukiongea na mtu wa kompyuta, anaweza kukuambia kwamba hiyo michezo ya mashimo ilishatatuliwa. Na hapo ndipo tunapigwa bao. Kilichotatuliwa ni Kalah na awari. Bao la Kiswahili ni kitu kingine kabisa.

Bao lenyewe ni nini

Mzee alinifunza kwa wiki kadhaa, jioni, akirudia kama mwalimu wa darasa la kwanza. Wacha nikupe kwa ufupi.

Ubao una safu nne za mashimo manane, jumla 32. Kete ni 64, kila mtu 32. Safu mbili ni zako: ya mbele na ya nyuma. Mwanzo una kete kumi tu kwenye ubao: sita kwenye shimo linaloitwa nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili jirani. Zile 22 zilizobaki unashika mkononi, na unaziingiza moja moja kila zamu. Hiyo sehemu inaitwa namua. Kete za mkononi zikiisha, mchezo unabadilika na kuitwa mtaji. Ndiyo, mtaji, lile neno la biashara.

Ukila kete za mwenzako, unaanza kuzisambaza upande wako kutoka kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikianguka kwenye shimo lenye kete, unakula tena au unachota na kuendelea. Ikianguka kwenye shimo tupu, unalala, zamu imeisha. Kama huna cha kula, unatakasa: unacheza bila kula. Na kama kula kunawezekana, ni lazima ule. Ukimaliza safu ya mbele ya mwenzako, au akikosa hatua, umeshinda.

Tofauti iliyonigonga zaidi ni hii. Kwenye Kalah unachokula unaweka kwa ghala, kinatoka mchezoni, na mwisho mnahesabu nani tajiri. Kwenye bao hakuna ghala. Kete uliyokula inarudi kazini upande wako, na kesho inaweza kuliwa tena. Kete zote 64 zikishaingia, hakuna inayotoka. Mzee alisema, "Bao halina benki, mwanangu. Mali yote iko barabarani." Sasa nikaelewa kuhesabu maharagwe ni nini.

Na usifikiri ni mchezo wa kupitisha muda tu. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akamaliza tasnifu yake ya udaktari huko Leiden kuhusu ubingwa wa bao na mipaka ya akili ya binadamu. Mipaka ya akili, buda. Wakati sisi tulikuwa tunasema ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, na huyo huwezi kusema alikosa kazi.

Hata hapa Kenya bao si la Pwani peke yake. Wajaluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, kila moja na sheria zake. Ukienda Hyrax Hill pale Nakuru, mahali Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, utapata mashimo ya bao yamechongwa juu ya mwamba. Watu walikaa hapo juu, wakiangalia ziwa, wakicheza. Hiyo ndiyo programu isiyohitaji stima.

Kwa nini kompyuta haijalijua vizuri

Watafiti wa Maastricht, hao hao Donkers na Uiterwijk, waliandika mwaka 2002 kuhusu kuprogramu bao. Kwa hivyo si kwamba haiwezekani. Ni kwamba ni kazi. Sheria ni nyingi na zinabadilika kati ya namua na mtaji. Nyumba ina haki zake maalum. Kuna hatua zinazozunguka ubao mara nyingi mpaka huoni mwisho, na kinadharia zingine hazina mwisho kabisa.

Linganisha na Go. Mwezi Machi 2016 huko Seoul, AlphaGo ya DeepMind ilimshinda Lee Sedol michezo minne kwa mmoja. Dunia nzima ilishtuka. Lakini mimi kilichonishtua ni kilichofuata. Mwaka 2017 walitoa AlphaGo Zero, ambayo haikuonyeshwa mchezo hata mmoja wa binadamu. Ilipewa sheria tu. Ikacheza na nafsi yake mpaka ikamshinda kaka yake. DeepMind hawakutoa programu yenyewe, ila walichapisha maelezo ya jinsi walivyofanya. Mwaka huo huo Gian-Carlo Pascutto akaanzisha Leela Zero, na watu wa kawaida duniani wakachanga nguvu za kompyuta zao kuifunza. Kisha ikaja KataGo. Ndiyo hiyo ninayoendesha bure kwenye laptopu ya Luthuli.

Fikiria hiyo pole pole. Mashine ya sasa haihitaji umfundishe ujanja. Inahitaji sheria, kamili, bila kosa. Ujanja itautafuta yenyewe. Yaani kitu cha thamani zaidi kwenye mchezo, siku hizi, ni sheria zilizoandikwa wazi mahali kila mtu anaweza kusoma na kusahihisha.

Na sheria za bao ziko wapi? Zingine ziko kwenye vitabu vya watafiti huko Ulaya. Zilizobaki ziko chini ya ngazi, Mowlem, kwenye kichwa cha mzee mmoja.

Kosa ambalo hatukuweza kurekebisha

Nilitafuta tena, safari hii nikaandika "bao." Nikapata mchezo mmoja wa simu wenye safu nne. Nikafurahi, nikampelekea Mzee mbio. Alicheza vizuri kwa muda, halafu kete yake ya mwisho ikaanguka kwenye nyumba. Hapo, kwenye namua, ukiwa unakula na nyumba yako bado nzima, una uamuzi: ulale, uiache nyumba ikiwa imejaa, au uende safari, uivunje na kuzisambaza kete zake zote. Ule mchezo haukumuuliza. Ulivunja nyumba yake wenyewe.

Mzee akasema, "Aa! Nani kamwambia avunje nyumba yangu?"

Nikatafuta pa kurekebisha. Hakuna. Programu imefungwa, huwezi kuona ndani, na aliyeitengeneza sikumpata. Kwa hivyo mtoto atakayejifunza bao kwa hiyo simu atajua kwamba nyumba huvunjika yenyewe. Baada ya miaka ishirini hiyo ndiyo itakuwa sheria, na mzee akibisha ataambiwa hajui. Hivyo ndivyo mchezo unavyobadilishwa bila mkutano wowote kuitwa.

Ndio maana kwangu kuchagua programu kulikoma kuwa mambo ya urembo. Swali la kwanza si "inapendeza?" Swali ni: ikikosea, nani anaweza kuirekebisha?

Watu wetu walishajibu hili swali kwenye jambo lingine. Mwaka 2004, kundi la Kilinux la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi wa IT+46, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu OpenOffice ilikuwa wazi. Hawakuomba ruhusa. Walifungua, wakakaa chini, wakaandika maneno ya Kiswahili mahali pa Kiingereza. Mwaka huo huo wa 2004 ndipo Ubuntu ilitolewa, Linux iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la kwao la kile sisi tunaita utu. Jina letu liko kwenye kompyuta za watu dunia nzima. Mchezo wetu je?

Kuna dalili nzuri. Ukiwa na Linux, weka GCompris, ile ya watoto, utapata oware ndani. Weka Aualé, ni nzuri na nyepesi, pia ya oware. Na ukitaka kitu kikubwa, tafuta Ludii, iliyotengenezwa Maastricht chini ya Cameron Browne. Inakimbia kwa Java, ina michezo zaidi ya 1,000, mingi ikiwa ya familia ya bao, na sheria za kila mchezo zimeandikwa kama maandishi unayoweza kufungua na kusoma. Kwangu hiyo ndiyo ya kuanzia, kwa sababu unaweza kumkalisha mzee kando yako ukamuuliza, "Hapa wamesema hivi, ni kweli?"

"Lakini kila mahali wanacheza tofauti"

Nilipoongea haya kwa baze, jamaa mmoja akanipinga, na alikuwa na pointi. Akasema bao la Lamu si la Unguja, Malawi wana bawo lao, ajua ni ajua. Ukiandika sheria moja, si wewe ndiye utakuwa Champion mpya, unawavunjia wengine nyumba?

Nilifikiria hiyo usiku mzima. Jibu nililipata kwa Go. Wachina na Wajapani hawahesabu alama sawa hata leo. KataGo ilifanya nini? Iliweka sheria kadhaa ndani, na wewe unachagua unacheza ya nani. Uandishi haulazimishi kuwe na sheria moja. Kinachoua tofauti ni kutoandika kabisa, halafu kampuni moja inaandika yake, na yake inabaki peke yake. Kalah ilishinda kwa sababu ndiyo iliyoandikwa.

Kwa hivyo nimeanza. Usinicheke. Nimeandika programu ndogo kwa Python, haina uso, ni herufi tupu kama GNU Go. Nimeipa lugha ndogo ya kuongea, kwa mfano wa GTP, lakini kwa maneno ya Mzee: `namua`, `takasa`, `lala`, `safari`. Siku mtu wa Mombasa au Muscat akitengeneza uso mzuri, uongee na ubongo wa mtu wa Kampala bila shida.

Kusema ukweli bado ni mbovu. Juzi ilizunguka hatua moja bila kuisha mpaka nikaizima kwa nguvu. Mzee alikuwa amekaa kando, akauliza, "Imechoka?" Nikamwambia imepotea njia. Akachukua daftari langu la sheria, ambalo nimemwandikia kwa herufi kubwa, akasoma polepole na kidole. Akasimama kwa ukurasa wa takasa. "Hapa umekosea," akasema. Akanirekebisha kwa peni, mwandiko wake wa kulala. Ni marekebisho ya kumi na moja sasa.

Aliniambia mwezi wa kumi na mbili anarudi Lamu, na safari hii harudi Nairobi. Ubao ataacha, ati ni mzito kwa basi. Nilimwambia nitautunza. Akanitazama akasema, "Ubao ni mbao tu. Utunze hilo daftari."

Kwa hivyo kama unasoma hii ukiwa Umoja, Dandora, Kariobangi, ama popote, na kuna mzee kwenye ploti yenu, kwenye boma lenu, ama ushago, anayejua bao, ajua, giuthi au enkeshui, nenda ukakae naye. Beba daftari. Usimuonyeshe simu kwanza. Mwulize swali moja dogo: kete ya mwisho ikianguka kwa nyumba, nani anaamua?

Halafu uandike vile amesema, na jina la mahali alikojifunzia. Hiyo kompyuta tutaifunza baadaye.